Maswali ya Wasomaji: Nani Hasa Alilima Shamba la Washington?

Mwezi uliopita, nikimjibu mkulima wa Narok kuhusu kupura ngano, nilitaja kwa sentensi moja ghala la pembe kumi na sita lililojengwa kwenye shamba la George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, kule Mount Vernon, Virginia. Barua zimekuja kutoka Kitengela, Kayole, Eastleigh, hata Malindi, na karibu zote zinauliza kuhusu watu waliofanya kazi humo. Maswali ya kuku na viwavi jeshi yatasubiri toleo lijalo.

Mama Kilimo, hujambo? Nimekodi ekari mbili Kitengela, na siku za kazi niko ofisini mjini. Baada ya kusoma jibu lako nilitafuta habari zaidi za Washington. Kumbe alikuwa mkulima hodari: alizungusha mazao, alitengeneza mbolea, alifuga nyumbu. Mkulima mdogo wa leo anaweza kujifunza nini kwake? (Msomaji wa Kitengela)

Sijambo, mwanangu. Uliyosoma ni kweli, na cha kuchukua kipo. Kwanza, hata hivyo, nikutembeze shambani.

Washington alianza na tumbaku kama majirani zake. Tumbaku ni zao la mateso. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi. Inasiwa kitaluni baridi inapoanza kuisha, miche inahamishwa siku ya mvua, kila mmoja kwenye kituta chake kilichoinuliwa kwa jembe la mkono. Baadaye ncha zinakatwa, machipukizi yanang'olewa tena na tena, viwavi vinatolewa kwa vidole jani kwa jani. Majani yakivunwa yanatundikwa bandani yakauke, kisha yanashindiliwa kwenye mapipa makubwa ya kusafirishwa Uingereza. Aliyewahi kupita Migori au Kuria msimu wa tumbaku anaijua kazi hiyo. Na baada ya miaka mitatu, minne, udongo umechoka, inabidi msitu mwingine ufyekwe. Washington aliona udongo unakwisha huku deni lake kwa wakala wa London likipanda, na katikati ya miaka ya 1760 akageukia ngano.

Hapo ndipo sifa zake zinapoanzia. Alijaribu mazao zaidi ya 60. Alipanga mizunguko ya mazao ya hadi miaka saba. Alitaka kujua kama tope la Mto Potomac linafaa kuwa mbolea, na mwaka 1787 banda maalumu la kuozeshea samadi likajengwa karibu na nyumba yake. Mwaka 1785 alipokea punda dume kutoka kwa mfalme wa Hispania, akaanza kuzalisha nyumbu. Aliandikiana barua na wataalamu wa kilimo wa Uingereza.

Tope lile halikuopolewa na Washington. Katikati ya mwaka 1799, miezi michache kabla ya kufa, alikaa mezani akaandika kwa mkono wake orodha ya watumwa wote wa Mount Vernon: jina, umri, kazi, mume au mke. Walikuwa watu 317, wamegawanywa kwenye mashamba matano yenye jumla ya ekari karibu 8,000. Chini ya nusu yao walikuwa mali yake kisheria. Wengi wa waliobaki walikuwa mali ya urithi wa mume wa kwanza wa mkewe, Martha, na wapatao 40 alikuwa amewakodi kwa jirani, jinsi watu wanavyokodi trekta.

Waliofanya kazi ya shamba lenyewe, wengi walikuwa wanawake. Wanaume wengi walifundishwa useremala, uhunzi, utengenezaji wa mapipa, uendeshaji wa magari ya farasi. Wanawake ndio waliopalilia, waliong'oa visiki, waliochimba mitaro, waliosambaza samadi, waliotengeneza nyua, jua hadi jua, siku sita kwa wiki. Mimi nimeandika ripoti za shamba maisha yangu yote ya kazi nikiwa afisa wa kilimo nyanjani, kwa hiyo ripoti za Mount Vernon zinanikaba koo. Kila wiki wasimamizi walimhesabia bwana wao siku zilizotumika kulima, siku zilizotumika kujenga ua, na siku zilizopotea kwa ugonjwa. Mwanamke akijifungua, siku zake za uzazi ziliingizwa humo humo kama kazi iliyopotea.

Sasa ghala. Zamani ngano ilitandazwa uwanjani, farasi wakapitishwa juu yake waikanyage. Punje zilichanganyika na mchanga na kinyesi, na mvua ikija mavuno yanaoza. Washington akachora ghala la ghorofa mbili, karibu mviringo, likajengwa katika shamba lake la Dogue Run na kumalizika mwaka 1795. Farasi walipandishwa juu kwa njia ya mteremko, wakazungushwa juu ya masuke, na mbao za sakafu ziliachiwa nafasi ya kama sentimita nne, punje zikawa zinaangukia chini, mabua yakabaki juu. Ni ubunifu wa kupendeza, nausifu bila kinyongo. Mwenyewe alikuwa amepiga hesabu ya matofali, zaidi ya 30,000. Lakini waliopasua mbao na kuzipima nafasi zile hadi zikawa sawa walikuwa maseremala watumwa. Sakafu ikibana kupita kiasi punje hazipiti. Ikiachana kupita kiasi mabua yanaanguka nazo. Hayo hayafanywi na mtu anayetumia nguvu tu bila akili.

Kuna mtu mmoja katika barua za shamba hilo ambaye nataka umkumbuke kuliko yule punda wa mfalme. Aliitwa Davy Gray. Alikuwa mtumwa, na kwa miaka mingi alikuwa nyapara wa shamba la Muddy Hole. Washington mwenyewe aliandika kwamba kazi yake haikuwa nyuma ya manyapara weupe. Posho ya mtu mzima ilikuwa karibu lita moja ya unga wa mahindi kwa siku, pamoja na samaki wachache wa chumvi waliovuliwa Potomac wakati wa masika yao. Mwaka 1793 utaratibu wa posho ulibadilishwa, wakaanza kupewa unga uliochekechwa, na kipimo hakikutosha tena. Davy akamwambia Washington uso kwa uso kwamba watu wake hawashibi, na kwamba anajua kwa hakika baadhi yao hukaa siku nzima bila kutia kitu kinywani. Huyu alikuwa rais wa nchi, na aliyesimama mbele yake alikuwa mtu anayeweza kuuzwa kesho. Barua ya Washington kwa msimamizi wake kuhusu malalamiko hayo ipo hadi leo.

Mama yangu alichuma kahawa kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Ruiru, akapimiwa debe na akapimiwa posho. Hakuwa mtumwa, aliweza kuondoka, na siku moja aliondoka. Lakini alinifundisha kwamba shamba lolote linajulikana kwenye kipimo cha unga. Ndiyo maana nilipoisoma habari ya Davy sikuweza kuipita haraka.

Unachoweza kuchukua kwa Washington ni hiki: usipande mahindi juu ya mahindi mwaka baada ya mwaka; yafuatishe na jamii ya kunde. Samadi usiiache juani, ifunike ioze. Andika kila unachofanya na tarehe yake. Usichoweza kuchukua ni hesabu yake ya faida. Gharama kubwa kuliko zote kwako, malipo ya vibarua, kwenye vitabu vyake haipo. Na hata hivyo shamba halikumtajirisha: mwaka 1796 alitangaza anakodisha mashamba yake manne kati ya yale matano. Basi ukipiga hesabu ya ekari zako mbili, anza na mshahara wa kijana anayekulimia, tena umuulize yeye maji yanasimama wapi mvua ikinyesha. Udongo mweusi wa Kitengela yeye ndiye anayeshinda nao wewe ukiwa ofisini.

Je, watumwa hao waliruhusiwa kulima vishamba vyao wenyewe? (Msomaji wa Kayole)

Ndiyo, usiku na Jumapili. Walilima mboga karibu na vibanda vyao, walifuga kuku, walitega samaki. Jumapili wengine walipata ruhusa kwenda kuuza sokoni Alexandria, mji wa karibu, na familia ya Washington yenyewe ilinunua kwao mayai, kuku na asali. Wapo wanaolitaja jambo hili kuonyesha kwamba maisha yao hayakuwa mabaya. Mimi naliona hivi: bwana aliokoa gharama ya chakula, na mtu aliyechoka tangu alfajiri akashika jembe tena gizani ili mtoto wake apate kitu zaidi ya unga na samaki wa chumvi. Pesa za mayai zilikuwa zake, na zilimnunulia kitambaa au sufuria. Mtoto mwenyewe hazikuweza kumnunua.

Mama Kilimo, mimi nauza mchele Eastleigh. Mteja mmoja aliniambia Wamarekani walifundishwa kulima mpunga na Waafrika. Ni kweli au ni maneno ya sokoni? (Mama Halima)

Mama Halima, umenigusa palipo na moyo wangu. Nilifanya kazi Mwea miaka mingi na mpunga naujua kwa miguu.

Twende South Carolina, kusini mwa Virginia. Waingereza waliofika huko mwishoni mwa karne ya 17 walitoka nchi isiyolima mpunga. Walioletwa kwa nguvu kutoka Sierra Leone, Gambia na mito ya jirani walikuwa wamezaliwa ndani ya mpunga. Bibi zao waliulima kwenye vinamasi vya mikoko na mabonde ya mito, wakijenga matuta ya kuzuia maji ya chumvi. Kufikia mwaka 1708 Waafrika walikuwa wengi kuliko weupe katika koloni hilo. Wafanyabiashara wa Charleston walijua wanachotafuta: matangazo ya mnada yalitaja kwamba watu waliofika wametoka pwani ya mpunga. Wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani cha mipango ya mashamba kilitoka kwa watumwa na kiasi gani kwa mabwana. Mimi nawatazama wakifanya kazi, na kazi inasema. Mbegu ilifukiwa kwa kisigino, kama ilivyofukiwa Afrika Magharibi. Mpunga ulitwangwa kwa kinu na mchi. Ulipepetwa kwa nyungo za nyasi zilizosukwa kwa kuzungushwa, na vizazi vya watu hao, wanaoitwa Wagullah, bado wanasuka vikapu kwa namna hiyo karibu na Charleston.

Baada ya katikati ya karne ya 18 mashamba yalisogezwa kando ya mito inayopanda na kushuka na bahari. Maji ya bahari yakijaa, yanausukuma mto nyuma, na maji matamu ya juu yanaingia shambani kupitia milango ya mbao. Yakipwa, mlango unafunguliwa upande wa pili na shamba linakauka. Ni hesabu nzuri mno. Ila kabla ya mlango kufunguliwa hata mara moja, mtu alisimama kiunoni ndani ya tope akakata misonobari ya kinamasi, akang'oa mizizi, akajenga matuta ya maili nyingi kwa sepetu, palipo na nyoka na mamba. Wasomaji wangu wa Mwea mnajua mifereji yetu ya kwanza ilichimbwa na nani: wafungwa wa kizuizini wa miaka ya Dharura, wakati wa vita vya Mau Mau. Sisemi mambo haya mawili ni mamoja. Nasema maji yanayotiririka vizuri yana historia, na maafisa kama mimi tulipewa ramani bila kuelezwa historia hiyo.

Kazi ya mpunga Carolina ilipimwa kwa ngwe. Kwa kawaida mtu alipewa robo ekari ya kulima au kupalilia kwa siku, akimaliza, saa zilizobaki ni zake. Mwenye nguvu alimaliza alasiri akaenda kwenye bustani yake. Mjamzito, mgonjwa na mzee walimaliza usiku, au ndugu akija kuwasaidia. Na kilipofika kipindi cha mavuno, kutwanga kulianza kabla ya alfajiri na kuendelea baada ya jua kuzama. Wewe unaujua uzito wa mchi, Mama Halima. Zidisha kwa shehena ya meli. Mashine za maji za kukoboa zilikuja miaka ya mwisho wa 1780 tu, na kufikia wakati wa vita vya uhuru wa Marekani koloni hilo lilikuwa limeshauza nje zaidi ya pauni milioni 60 za uzito wa mchele kwa mwaka, zote zikiwa zimepita mikononi mwa watu.

Mbu wa majaruba waliwatisha mabwana. Kuanzia Mei hadi baridi ya kwanza wengi walihamia mjini, wakawaacha watumwa na manyapara ndani ya malaria. Watoto walikufa kwa wingi unaotisha.

Kwa hiyo mwambie mteja wako kwamba amesema kweli, ila neno "walifundishwa" ni la upole kupita kiasi kwa kilichotendeka.

Mbona tunaandika sana ya Marekani? Hapa kwetu Malindi kulikuwa na mashamba ya watumwa, na wazee wanayanyamazia. (Msomaji wa Malindi)

Una haki kabisa, na sitajificha nyuma ya bahari. Karne ya 19, chini ya utawala wa masultani wa Zanzibar, Malindi ililima mtama na ufuta kwa mikono ya watumwa, na Zanzibar na Pemba zikalima karafuu kwa mikono hiyo hiyo. Watu hao walitoka bara, wengi kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Watoro walijenga vijiji vyao wenyewe, Fuladoyo ikiwa mojawapo, na Frere Town ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa. Kwenye pwani yetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Hiyo ni juzi. Ipo mifano ya nafuu iliyokuwapo huku na haikuwapo Virginia, lakini sitaki kuipanga mezani tulinganishe maumivu. Andika uliyoyasikia kwa wazee kabla hawajaondoka. Ukinitumia, nitaomba ukurasa huu uyachapishe.

Na kwa kuwa wengine mmeuliza: watu wa upande wetu wa Afrika walifika huko pia, ingawa wachache. Kati ya mwaka 1719 na 1721 meli kadhaa zilipeleka Virginia mateka kutoka Madagaska.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Nairobi. Kwa nini watumwa hawakutoroka, na walikuwa wengi kuliko mabwana? (Mwanafunzi)

Walitoroka, mjukuu wangu. Magazeti ya wakati huo yamejaa matangazo ya kuwasaka. Tarehe 9 Septemba 1739, siku ya Jumapili, watu wapatao ishirini walikusanyika karibu na Mto Stono, Carolina, wakachukua silaha dukani, wakaanza safari ya kuelekea Florida iliyokuwa ya Wahispania, ambako mtoro aliweza kuwa huru. Njiani waliua weupe zaidi ya ishirini, na wenzao wengi wakajiunga nao wakipiga ngoma. Wengi wao walikamatwa na kuuawa. Mwaka uliofuata sheria ilipiga marufuku ngoma, mikutano yao na kuwafundisha kuandika.

Uzito wa kutoroka uupime kwa habari ya Tom. Alikuwa mtumwa wa Washington, mwenye nguvu na hodari wa jembe, na alitoroka. Mwaka 1766 Washington alimkabidhi kwa nahodha aende kuuzwa visiwa vya Karibi, akaagiza aletewe kwa thamani yake molasi, pombe ya ramu, ndimu, ukwaju na vitu vitamu. Kila mtu pale Mount Vernon alijua Tom alikopelekwa. Wengi pia walikuwa na mke kwenye shamba moja na watoto kwenye jingine, na mama hamwachi mtoto kirahisi.

Bado waliondoka. Ona Judge, msichana aliyemhudumia Martha Washington, alitoka nyumbani kwa rais mjini Philadelphia mwezi Mei 1796 wao wakiwa mezani wanakula, akapanda meli hadi New Hampshire. Washington alituma watu wamrudishe na hakumpata. Alikufa mwaka 1848, kisheria bado mtumwa, ila hakuna aliyewahi kumshika.

Na soma habari za Harry Washington, mwalimu wako akikuruhusu uifanyie kazi ya darasa. Alizaliwa karibu na Mto Gambia yapata mwaka 1740. Washington alimnunua mwaka 1763, akamtia kwenye kuchimba mitaro kwenye kinamasi cha Dismal, kisha kutunza farasi Mount Vernon. Alitoroka mwaka 1771, akarudishwa. Vita vya uhuru vilipozuka, gavana wa Mwingereza aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme, na Harry akakimbilia huko mwaka 1776. Waingereza waliposhindwa alisafirishwa hadi Nova Scotia, Kanada, na mwaka 1792 akavuka bahari tena kwenda Sierra Leone, kwenye mji mpya wa Freetown. Huko alilima shamba lake mwenyewe. Kampuni iliyotawala koloni ilipodai kodi ya ardhi ambayo walowezi walisema hawakuikubali, Harry alikuwa miongoni mwa walioasi mwaka 1800. Alishtakiwa, akafukuzwa hadi pwani ya Bullom, ng'ambo ya mto, akawa mmoja wa viongozi wa kijiji kipya cha waliofukuzwa pamoja naye.